Veipu kwenye Safu ya Besi

Katika kwaya yetu, sauti ya besi imegawanywa mara mbili. Besi ya kwanza hupewa wanaume wanaopenda kusikika. Besi ya pili hupewa wale wasiotambuliwa na mtu mpaka siku wanaponyamaza. Mimi ni wa besi ya pili. Baba yangu, aliyeitumikia reli maisha yake yote na kutulea katika nyumba ya baraza la jiji pale Kaloleni, aliimba besi ya pili katika kwaya hiyohiyo, akiketi kiti cha mwisho upande wa dirisha. Alipostaafu na kurudi kwetu magharibi ya nchi, nilikirithi kiti kile kama watu wengine wanavyorithi shamba. Nilipooa nilihamia Donholm, lakini Jumamosi mchana hurudi Kaloleni kwa mazoezi. Ni vyema msomaji ajue mapema kwamba habari hii ni ya kiti hicho, na ya jinsi kilivyokaribia kuniponyoka kwa sababu ya kidude kisichozidi urefu wa kalamu.

Kidude chenyewe ni sigara ya umeme, ambayo mitaani kwetu kila mtu huiita veipu. Niliinunua kwa nia njema kabisa. Nilikuwa nimevuta sigara za kawaida tangu siku za chuo, na rafiki mmoja, mhariri mwenzangu, alinihakikishia kwamba veipu ingenitoa kwenye tumbaku taratibu, kama daraja linavyomvusha mtu mto. Hakusema uongo. Sigara niliziacha, na sijazirudia. Alichosahau kunieleza ni kwamba mtu anaweza kupenda daraja akajenga nyumba juu yake.

Nimefikiri sana kuhusu tofauti ya vitu hivi viwili, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule na nimezoea kutafuta tofauti kati ya mambo yanayofanana. Sigara, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa na adabu moja: ilikuwa na mwisho. Mtu alishuka ngazi, akaiwasha, ikaungua, ikaisha, akapanda kuendelea na kazi. Tena ilikuwa na usumbufu: kiberiti, jivu, harufu kwenye koti, majirani wanaokunja nyuso. Veipu iliondoa usumbufu wote huo na kwa hivyo ikaondoa vizuizi vyote. Haikuwa na jivu wala mwisho. Niliiweka kando ya karatasi zangu, nikawa navuta kidogo kwenye nukta, kidogo kwenye mkato, na aya ikiwa ngumu, mara mbili. Haikupita muda nikawa siwezi kusoma aya bila hiyo.

Juu ya hayo, ilinukia. Yangu ilikuwa ya embe. Mke wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache yaliyopimwa, aliingia siku moja katika chumba ninachofanyia kazi, akasimama mlangoni, akavuta hewa.

"Baba yao," akasema, "nyumba hii inanuka soko la matunda, na sioni tunda hata moja."

Nilicheka. Nilidhani huo ndio ubaya wake wote.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa kwaya. Ni mzee mwembamba, karani mstaafu wa baraza la jiji, anayefundisha kwa do-re-mi na uma wa chuma anaougonga gotini ili kupata sauti ya kuanzia. Kinanda hakihitaji. Ana desturi moja ambayo wageni huiona ya ajabu: tunaposhikilia noti ndefu, yeye hushuka jukwaani na kupita katikati ya safu, sikio lake akiliinamisha karibu na midomo yetu, kama fundi wa mabomba anayetafuta maji yanapovujia ukutani. Jumamosi hiyo tulikuwa tunajifunza wimbo wa Sikukuu ya Mavuno, ambao mwisho wake besi huachwa ishikilie noti moja ya chini huku sauti nyingine zikipanda na kushuka juu yake. Mwalimu alipita mara moja, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Besi ya pili ina tobo," akatangaza.

Kicheko kilitoka upande wa soprano.

"Mwalimu, nina mafua," nikasema.

"Mafua ya tangu Pasaka?" Alinitazama kwa upole uliouma kuliko hasira. "Baba yako alikuwa anashikilia noti hii huku anatafuta miwani mfukoni. Alikuwa akiipata, anaifuta, anaivaa, na noti bado ipo. Kijana wangu, wewe unavuja."

Nina nywele nyeupe za kutosha, lakini kwa mzee yule nitabaki kijana mpaka mmoja wetu azikwe. Akaniambia mbele ya wote, bila ukali, kwamba Mavuno yakifika na pumzi yangu iwe imerudi, kiti ni changu. Isiporudi, atamketisha mwingine, nami nitasaidia kugawa vitabu vya nyimbo mlangoni, kazi ambayo, alisema, pia ni huduma.

Nilirudi Donholm nimeamua kuacha siku hiyohiyo. Ninaitaja njia niliyoitumia kwa sababu naamini wengi wa rika langu huanza nayo: niliiacha kwa ghafla na kwa kiburi. Nilimkabidhi mke wangu veipu aifiche asinionyeshe, na akaificha vizuri sana, maana hadi leo sijui ilikuwa wapi. Sikuhitaji kujua. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa na kichwa kizito na hasira ya mbwa aliyefungwa. Nilimwambia mlinzi wa lango letu kwamba tangazo lililobandikwa langoni limeandikwa ovyo, naye akaniuliza kwa heshima kama nimelala. Nilikunywa chai, na baada ya chai mkono wangu ukaenda wenyewe mezani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nilitoka hadi roshani kupunga hewa, nikakuta roshani nayo inanidai. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimeifunza nyumba nzima kuvuta. Kila kona ilikuwa na saa yake.

Basi nilishuka hadi kituoni, kwa dada anayeuza vifuniko vya simu, chaja, na kwenye rafu ya nyuma, veipu za kila tunda.

"Prof! Umepotea," akasema, kwa jina nililopewa mtaani kwa sababu ya vitabu. "Ama ulikuwa umeacha?"

"Nilikuwa nimeacha."

"Poa tu. Huwa mnaacha Jumatatu, mnarudi Alhamisi. Wewe umejaribu, leo ni Jumanne." Alikwisha kuichukua ile ya embe kabla sijaitaja.

"Dada, hebu siku nyingine ukiniona usiniuzie."

"Sasa Prof, nisikuuzie nikule nini? Wewe usipitie hapa." Akafikiri kidogo, akaongeza kwa huruma ya kweli, "Kuna njia ya nyuma, ile ya kanisa. Iko na matope lakini."

Ushauri ule ulikuwa bora kuliko wote niliokuwa nimesoma kitabuni, nami sikuufuata, kwa sababu ya matope.

Jaribio la pili lilikuwa la kitaalamu zaidi. Nilisoma kwamba dawa iliyomo ndani ya veipu, ile nikotini inayoufunga mwili, huuzwa kwa nguvu mbalimbali, nikaamua kushuka ngazi kwa ngazi hadi nifike penye hakuna. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nzuri. Kwa vitendo niligeuka mtu anayeongeza maji kwenye chai kisha anakunywa birika zima. Nguvu ilipungua, mivuto ikaongezeka, na kwa kuwa sasa nilikuwa navuta muda mwingi zaidi, niliona aibu kufanyia chumbani. Nikahamia paani.

Paa la jengo letu ndiko nguo zinakoanikwa. Mwanamume anayepanda huko mikono mitupu huulizwa anatafuta nini, kwa hivyo nikawa nabeba nguo. Jirani wa juu, mama mchangamfu anayeuza mitumba, alinikuta mara kadhaa.

"Prof, siku hizi unaanika shati moja moja?"

"Linakauka vizuri likiwa peke yake."

"Haya. Lakini shuka zangu zimeanza kunuka embe, na mimi nafulia sabuni ya mche."

Mke wangu, kwa upande wake, alifurahi mno. Nguo zilikuwa zinaanikwa na nyumba ilikuwa imeacha kunuka matunda. Akajumlisha mambo hayo mawili, na kutokana na jumla hiyo likatokea kosa ambalo sidhani lingeweza kutokea mahali pengine.

Watu wetu waliotoka magharibi kuja kufanya kazi mjini wana ushirika wa nyumba kwa nyumba. Jumapili alasiri familia kadhaa hukutana kwa mmoja wao, huimba, husoma, hunywa chai, na kabla ya chai hutoa ushuhuda. Ushuhuda una kanuni ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: si ombi wala ahadi, ni taarifa ya kazi iliyokwisha. Mgonjwa hushuhudia akishapona. Anayetafuta kazi hushuhudia akishaajiriwa. Na anayeshuhudiwa husimama, huinua mkono, watu humpigia makofi. Jumapili hiyo zamu ilikuwa yetu.

"Bwana asifiwe," mke wangu akasema, amesimama karibu na birika.

"Amina."

"Bwana asifiwe tena."

"Amina!"

"Mimi leo sina mengi. Mnamjua baba yao. Mnakijua kile kidude alichokuwa akinyonya kama mtoto wa chupa. Nimeomba, nimenyamaza, sijamgombeza hata siku moja. Nataka niseme Mungu ametenda. Siku hizi nyumba hii inanuka nyumba!"

Vigelegele. Wimbo. Macho yote kwangu. Nilisimama, nikainua mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni umeishika veipu, ambayo ilikuwa bado na joto, kwa kuwa nilikuwa nimeshuka kutoka paani muda mfupi kabla wageni hawajafika.

Ningependa kueleza kwa usahihi yaliyofuata, maana watu wengi huamini kwamba ukitangaza jambo mbele za watu utalitimiza. Huenda ni kweli, ikiwa umetangaza kwamba unaanza. Lakini kwangu mimi ilikuwa imetangazwa kwamba nimemaliza. Aliyemaliza hawezi kuomba msaada. Hawezi kusema leo kichwa kinauma, hawezi kukataa kuketi karibu na wavutaji, hawezi hata kununua peremende za mnanaa bila kuulizwa ni za nini. Buchani niliitwa "Mshindi". Kanisani mzee mmoja alinishika mkono asiuachie, akiniomba nizungumze na mkwewe. Nami kila sifa niliyopewa ilinipandisha paani tena. Nguo za nyumba ile hazijawahi kukaushwa kwa bidii kama majuma hayo.

Sikukuu ilikuwa inakaribia. Jumamosi iliyofuata mwalimu wa kwaya alipanga safu, akagonga uma gotini, akanyoosha kidole upande wangu.

"Nimesikia kuna ushuhuda huko Donholm," akasema. "Sasa niusikie kwenye besi."

Mke wangu ni wa alto. Nilimwona akinyoosha shingo kwa fahari. Tukaanza, tukafika kwenye noti ile ya chini, mwalimu akashuka kutembea. Kifua changu kilikuwa kama mfuko wa plastiki uliotobolewa na mwiba. Nilifika nusu, nikaanza kutetemeka, nikakohoa. Noti ikafa. Na wakati ule ule, mwishoni mwa safu, mtu mwingine akakohoa vilevile.

Mwalimu alisimama kati yetu, akatazama huku, akatazama kule.

"Kumbe matobo ni mawili," akasema. Kisha akanigeukia. "Ushuhuda ule ulikuwa wa mkeo. Wako bado haujafika."

Wote wakacheka, nami nikajikuta nacheka kuliko wao, kwa sababu uzito fulani uliokuwa mabegani mwangu ulikuwa umeanguka pale sakafuni, mbele ya soprano wote. Nilikuwa nimerudishwa cheo changu cha kweli, cha mtu ambaye bado hajaacha.

Nje ya ukumbi mke wangu alinisubiri kwenye nguzo ya kibaraza.

"Kwa hivyo nilishuhudia mtu mwingine," akasema.

"Hapana, ni mimi. Ulitangulia tu."

"Na wewe ukainua mkono!"

"Mama, watu walikuwa wanapiga makofi. Ningeuweka wapi?"

Alijaribu kukasirika, nikamwona anajaribu, lakini alishindwa. Aliegemea nguzo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza akauliza, "Na zile nguo?" Nikamwambia kuhusu zile nguo, akaanza upya.

Mtu wa tobo la pili alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimojawapo cha eneo la viwanda, mwanamume mnene, mpole, mkaazi wa Kware. Tulikuwa tumeimba safu moja kwa miaka mingi bila kuzungumza zaidi ya salamu. Mwalimu aliamuru tuketi bega kwa bega na akatufundisha tena jambo ambalo wanakwaya hulijua tangu utoto lakini hulisahau: kupokezana pumzi. Noti ndefu haishikiliwi na mtu mmoja. Mmoja huvuta pumzi wakati mwenzake anaimba, kimya, bila kuinua mabega, kisha hurudi polepole ili mwenzake naye avute. Msikilizaji husikia uzi mmoja. Ili ufanikiwe, sharti uijue pumzi ya mwenzako kama unavyojua hatua zake kwenye ngazi.

"Prof," jirani yangu mpya akaninong'oneza, "wewe unavuta ya nini?"

"Embe. Na wewe?"

"Tikiti maji."

"Basi hatuna besi hapa. Tuna saladi."

Mwalimu akatugongea uma kwenye mgongo wa kiti.

Tukakubaliana kuacha pamoja, na kufanya mazoezi kwa zamu, Jumapili moja kwangu, Jumapili moja kwake. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba sisi wawili, ingawa tulivuta kitu kimoja, hatukuwa na vita vimoja. Mimi nilikuwa na chumba, mlango na ukimya, na ukimya ndio ulionivutisha. Yeye alikaa ghorofa ambayo milango yake hutazamana kwa karibu kiasi cha mtu kupokea chumvi kutoka nyumba ya pili bila kutoka kwake. Kwenye ujia wake vijana hupumzika baada ya kazi za mchana, mawingu ya stroberi na mnanaa yakielea hadi kwenye ngazi.

"Wewe ukiacha, umeacha," aliniambia, ananivusha katikati yao. "Hakuna mtu wa kukupulizia. Mimi nikifungua mlango, nimeshavuta za watu watatu kabla sijafunga kamba ya kiatu."

"Niaje, buda," mmoja wao akamsalimu. "Leo hutaki kapafu kamoja, uvute kidogo tu?"

"Leo niko na mgeni. Na kesho pia niko na mgeni. Huyu mgeni haendi."

"Huyu ni nani, pasta?"

"Huyu ni besi."

Wakatupisha, wakacheka, lakini kuanzia siku ile, aliniambia baadaye, wakawa wanasogea dirishani wanapomwona anakuja. Hakuwa amewaomba.

Mkewe huuza njugu na mukombero chini ya jengo hilo. Mukombero ni mzizi unaotafunwa na watu wetu wa magharibi, mchungu kwanza, mtamu baadaye, una harufu inayokaribia vanila. Yeye ndiye aliyetambua kwamba mikono na midomo yetu ilikuwa inalia kuliko vifua. Akatupa kila mmoja fungu.

"Mkisikia mnataka kunyonya, nyonyeni hii," akasema. "Na msile yote leo."

Tahadhari hiyo ya mwisho ilikuwa na sababu. Kule kwetu mzizi huo una sifa nyingine, ya kuwatia wanaume nguvu nyumbani, na mwanamume wa umri wangu akionekana anautafuna hadharani, hakuna anayeamini kwamba anatibu nikotini. Ofisini wenzangu walianza kuniulizia hali ya mke wangu kwa sauti ya pole. Mke wangu mwenyewe aliuchukua ule mzizi mezani, akaugeuzageuza.

"Baba yao, huu ni wa besi, ama ni wa mambo gani?"

"Ni wa besi."

"Sawa. Nimeuliza tu."

Nilikuwa nimekwisha kuipeleka veipu kwa fundi wa simu anayekaa mlango wa pili na yule dada wa kituoni. Aliifungua, akatoa betri, akasema ingefaa kwenye tochi. Dada alichungulia juu ya bega lake.

"Prof, hii sasa ni serious?"

"Nadhani."

"Basi nitakukosa," akasema, akaniuzia chaja ambayo sikuihitaji. Kuanzia siku ile nilipita njia ya nyuma, ile ya kanisa, na matope yake nikayazoea.

Lakini haikuwa safari iliyonyooka. Juma moja la kurudisha miswada kwa waandishi, mwandishi mmoja alinipigia simu akinilaumu kwa masahihisho niliyomfanyia, akasema mengi, na nilipokata simu nilitembea moja kwa moja hadi kituo kingine kabisa, kwa muuzaji asiyenijua, nikanunua ya embe, nikavuta nimesimama nyuma ya kibanda. Kisha nikampigia mwenzangu. Alikuwa kazini, mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yake.

"Nimevuta," nikasema.

"Umevuta nyingi?"

"Za kutosha."

"Ilikuwa tamu?"

"Hapana." Nikafikiri. "Ndiyo."

"Haya. Hiyo imeshapita. Kesho kutwa tunaimba?"

"Tunaimba."

"Basi itupe, urudi nyumbani. Hapa kuna kelele, sikusikii vizuri."

Hakuniuliza kwa nini, wala hakunikumbusha ahadi. Nimewahi kuonywa na madaktari, na majirani, na pakiti zenyewe zilizoandikwa onyo kwa herufi kubwa. Hakuna onyo lililonifaa kama mazungumzo yale mafupi. Nilipoanguka mara ya kwanza, ile ya Jumanne, nilihesabu kwamba kazi yote imeharibika, nikaendelea kuvuta kwa kuwa hakukuwa tena na cha kuokoa. Safari hii niliitupa kwenye pipa na kurudi kwenye miswada yangu, nikatafuna mzizi. Yeye naye alianguka, juma la zamu za ziada. Nilijua kabla hajaniambia. Tulipoketi kuimba, pumzi yake ilikuwa fupi kwa kiasi ambacho sikio langu lilikwisha kuzoea kukipima. Nilishikilia muda mrefu zaidi, naye akapumua mara mbili.

Sikukuu ya Mavuno kanisani kwetu ni ibada na soko kwa pamoja. Waumini huleta walichovuna au walichonunua: mikungu ya ndizi, viazi vitamu, miwa, maboga, kuku waliofungwa miguu, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa, mapato yakienda kwa kanisa. Ukumbi ulijaa asubuhi ile. Baba yangu hakuweza kusafiri, lakini alinipigia simu kabla ya ibada. Hakuuliza habari za veipu, ambazo sina shaka zilikwisha kumfikia. Aliuliza kama kiti bado kiko upande wa dirisha.

"Kiko," nikasema. "Leo ndiyo nitajua kama ni changu."

"Fungua dirisha," akasema. "Pale pana joto."

Nililifungua. Wimbo wetu ukaja. Tuliimba beti zote salama, tukafika kwenye ile noti ya mwisho. Mwalimu aliinua mkono, nasi besi tukashuka chini, tukatulia. Nilisikia mwenzangu kando yangu, imara. Alipungua, nikabaki, akarudi, nikapungua, nikavuta hewa ya dirishani bila kuinua mabega, nikarudi. Soprano wakapanda, wakashuka, wakamaliza sehemu yao kama ilivyoandikwa, wakanyamaza. Tulingoja mkono ushuke.

Haukushuka.

Mzee yule alikuwa ameusimamisha hewani, amefumba macho, uso umetulia. Hakukuwa na kitu kama hicho kwenye karatasi. Alikuwa anasikiliza ukuta, kama yule fundi wa mabomba. Besi ya kwanza ilichoka, ikaacha, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukabaki sisi wawili, noti moja ya chini katika ukumbi mzima uliokuwa kimya. Yeye akavuta, nikashika. Nikavuta, akashika. Jasho lilikuwa linanishuka. Naweza kusema bila kuongeza chumvi kwamba wakati ule ule nilitamani ile embe kuliko siku yoyote, na kwamba nilikuwa na kazi nyingi mno ya kufanya kwa mdomo wangu. Kule mbele, kwenye rundo la mavuno, jogoo mmoja aliona kuwa amesikia mshindani, akawika. Watu wakaangua kicheko. Mke wangu, kwenye safu ya alto, alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakitikisika.

Mkono ukashuka. Tukanyamaza pamoja.

Mwalimu alifumbua macho, akatembea hadi kwetu, akasimama kati ya viti viwili.

"Hamvuji," akasema.

"Kwa hivyo kiti ni changu, mwalimu?"

"Ni chako mpaka Krismasi. Krismasi nitasikiliza tena." Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe, hamia hapa kabisa. Mkikaa mbalimbali sitawaamini."

Sijui kama ningeacha peke yangu. Nimejaribu kulipima swali hilo kwa uaminifu, na kila nikilipima napata jibu lilelile, kwamba nilikwisha kujaribu peke yangu, mara mbili, kwa akili yangu yote. Hamu ingali inanitembelea, hasa baada ya chai. Siku hizi hainikuti mwenyeji. Hunikuta natafuna, au natoka, au nimempigia mtu wa Kware kumwuliza habari za zamu yake.

Siku ile ya Mavuno haikuishia hapo. Kipaza sauti kiligoma mnada ulipokuwa unaanza, na mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi alikuwa na sauti ya kunong'oneza. Mwalimu wa kwaya alinishika kiwiko, akanisukuma mbele ya ukumbi, akanitia mikononi yule jogoo.

"Nadi wewe," akasema. "Pumzi unayo."

Nilimwinua jogoo juu ili wa nyuma wamwone. Alikuwa mzito, na alikuwa na hasira.

"Haya, wapendwa," nikasema, na sauti yangu ikafika mpaka mlangoni kwenye vitabu vya nyimbo na kurudi. "Huyu mnamjua, mmemsikia akiimba. Nani anaanza?"